MGENI DIRISHA MOJA, MWENYEJI MILANGO MINNE
Sheria za visiwa vyetu zinamkimbilia nani?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuhukumu kwa haki wala hukumu Yake hairudishwi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba wake na wote walioshika njia yao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani,

Katika Suratul Baqara, aya ya 188, Mwenyezi Mungu anatukataza mambo mawili yanayoandamana: kuliana mali kwa batili, na kuzifikisha mali hizo kwa mahakimu ili kundi moja lipate kula haki ya wengine hali ya kuwa linajua. Aya hii inatufundisha kwamba dhulma haikosi karatasi. Mtu anaweza kuwa na hati mkononi, mhuri juu ya hati na hukumu juu ya mhuri, na bado akawa anakula moto.

Mwezi huu tumekusudia kuzungumza juu ya sheria na mabadiliko yake: sheria za ardhi, za uwekezaji, za vileo, za kadhi, za wakfu na za Mufti. Msomaji ataona kuwa ni mambo mbalimbali yasiyohusiana. Sisi tunasema yanahusiana sana, kwa sababu yote hukutana juu ya kiwanja kimoja na juu ya familia moja. Hoja yetu ni hii: katika visiwa hivi, sheria zinazomhusu mwenye mtaji zimekuwa zikiandikwa upya kila zinapoonekana kuchakaa, na shughuli zake zote zimekusanywa mahali pamoja. Sheria zinazomhusu mjane, yatima na mrithi zimeachwa zikingoja, na shughuli zao zimetawanywa huku na huko. Mgeni amefunguliwa dirisha moja. Mwenyeji amewekewa milango minne, na kila mlango una bawabu wake.

KENDWA ILIYOKUWA NA KENDWA ILIYOPO

Tumeichagua Kendwa kuwa mfano. Kendwa iko kaskazini ya Unguja, katika Wilaya ya Kaskazini A, jirani na Nungwi. Kilikuwa kijiji cha wavuvi na wakulima wa maweni. Ardhi yake ni ya mawe na udongo haba, hivyo wazee wetu walilima walichoweza na kuitegemea zaidi bahari. Pwani ilikuwa diko: mahali pa kuegesha ngalawa, kutengeneza nyavu na kugawana samaki. Ekari tatu tatu zilizogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964 zilikuwa zaidi katika mashamba yenye rutuba. Maweni yalibaki chini ya mila: huyu anajua mpaka wake, na jirani yake anamshuhudia. Hapakuwa na aliyeona haja ya kuandika hati ya mchanga.

Kisha ikaja miaka ya 1990 na utalii wake. Mchanga ule usiokuwa na thamani ukawa ndio wenye thamani kuliko shamba la karafuu. Mwishoni mwa miaka hiyo rasi nzima ya Nungwi ilikodishwa kwa kampuni moja ya Kiingereza kwa ajili ya mradi uliotajwa kuwa wa mabilioni ya dola. Mradi ule haukujengwa, na tunamshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini funzo lilibaki: maelfu ya watu wanaweza kulala katika ardhi ya babu zao na kuamka wamo ndani ya mkataba wa mtu mwingine, bila ya yeyote kuwagongea mlango.

Leo ufukwe wa Kendwa umejaa mahoteli. Unajulikana ulimwenguni kwa sherehe za usiku wa mwezi mpevu, zenye muziki, ngoma na ulevi hadi alfajiri. Subhanallah! Siku zile zile za tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, ambazo Mtume (S.A.W.) ametusunishia kufunga, ndizo siku ambazo pwani yetu inatangazwa katika nchi za mbali kuwa mahali pa anasa.

Hatumlaumu mgeni kwa kuja. Mgeni aliyeingia kwa amani ana haki zake katika dini yetu, na damu yake na mali yake ni haramu kwetu. Tunauliza habari ya waliomwandalia: kwa sheria zipi, na kwa kumnyima nani?

MWENDO WA SHERIA MBILI

Tazameni miaka, enyi wasomaji, kwani miaka haisemi uongo. Zanzibar ilitunga sheria ya kulinda vitega uchumi mwaka 1986. Ilipoonekana haitoshi, ikatungwa nyingine mwaka 2004. Hiyo nayo ikafutwa, ikaja ya 2018. Haikupita miaka mitano ikatungwa nyingine tena, ya 2023. Sheria nne katika miaka 37. Katikati yake ilipita sheria ya 2010 ya umiliki wa nyumba za ghorofa kwa sehemu, iliyomfungulia mgeni njia ya kumiliki makaazi. Na anayenunua nyumba ya dola 100,000 au zaidi katika miradi iliyoidhinishwa huahidiwa na kibali cha ukaazi.

Sasa tazameni upande wa pili. Sheria ya Mahakama za Kadhi ilitungwa mwaka 1985, yaani mwaka mmoja kabla ya ile sheria ya kwanza ya vitega uchumi. Sheria hii ndiyo inayosimamia ndoa zetu, talaka zetu, mirathi yetu, malezi ya watoto wetu na nafaka ya wake zetu. Kwa maneno mengine, inamgusa kila Muislamu wa visiwa hivi tangu anapozaliwa hadi anapozikwa. Iliandikwa upya lini? Mwaka 2017. Miaka 32! Mtoto aliyezaliwa siku ilipotungwa alikwishaoa, akazaa, na huenda akaacha, kabla ya mtu kuona kuwa inahitaji kutazamwa.

Na tuseme neno juu ya vileo. Mwaka 2020 Baraza la Wawakilishi lilitunga sheria mpya ya kudhibiti vileo. Mwezi Januari 2024 vibali vya waingizaji vilipobadilishwa mikono, mahoteli yakakosa ulevi kwa wiki chache. Nchi ikatikisika. Magazeti ya ng'ambo yakaandika. Waziri wa utalii alilalamika hadharani kuwa sekta yake inaumia, na kabla mwezi haujesha akajiuzulu, akisema mazingira ya kazi si rafiki. Hatuingii katika sababu za kujiuzulu kwake, kwani hizo anazijua yeye. Tunauliza swali moja tu. Ni lini waziri yeyote alisimama hadharani kulalamika kuwa mjane wa Kendwa anangoja mirathi yake kwa miaka? Ni wiki gani ambayo nchi ilitikisika kwa kuwa yatima hakupata fungu lake?

Ulevi ukikosekana kwa wiki chache, ni dharura. Haki ikikosekana kwa miaka 32, ni utaratibu.

FUNGU LA ARUBAINI

Tuteremke sasa mpaka kwenye kiwanja chenyewe. Chukulieni mzee mmoja wa pwani, aliyefariki na kuacha mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, pamoja na eneo lake la maweni linaloshuka hadi ufukweni. Hukumu ya Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa iko wazi. Baada ya kulipa madeni na kutekeleza wasia, mke anapata thumni, kwa kuwa marehemu ana watoto. Kilichobaki kinagawiwa watoto, mwanamume fungu la wanawake wawili. Ukiligawa eneo lile mafungu 40, mke anapata 5, kila mwana wa kiume 14, na binti 7. Hesabu imekamilika, wala haihitaji wakili.

Lakini nini hutokea? Matanga yanaisha, watu wanatawanyika, na mirathi haigawiwi. Wanasema ni aibu kugawa mapema, utaonekana una uroho. Mwaka unapita, miwili, mitano. Siku moja anakuja dalali na mkoba. Anamtafuta kaka mkubwa, au yule kaka aliye na shida zaidi. Wanakaa barazani, wanazungumza, karatasi inatiwa saini, na eneo lote limekwenda. Kaka yule alikuwa na mafungu 14. Ameuza 40. Mafungu 26 aliyouza ni ya mama yake, ndugu yake na dada yake.

Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa atakayechukua shibiri moja ya ardhi kwa dhulma atavikwa shingoni Siku ya Kiyama ardhi hiyo kwa tabaka zake saba. Haya ni maonyo ya shibiri moja, na mafungu 26 yatabebwa na shingo gani?

MILANGO MINNE

Hebu mjane huyu aamke sasa kudai haki yake. Ataanzia wapi?

Mlango wa kwanza ni wa sheha na ofisi ya ardhi. Huko ataambiwa kuwa kwa Sheria ya Ardhi ya 1992, Namba 12, ardhi yote ni ya umma na imewekwa chini ya mamlaka ya Rais, na alichokuwa nacho mumewe ni haki ya matumizi. Ataulizwa hati. Hana. Aliyenayo ni yule aliyekuja na mkoba.

Mlango wa pili ni wa Kadhi. Watu wa kaskazini kwa miaka mingi wamekuwa wakienda Mkokotoni. Mtaalamu mmoja wa Kimarekani aliyeitafiti mahakama ile mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuiandikia kitabu kilichotoka 2009 alikuta kuwa wengi wa wanaofungua kesi ni wanawake. Kadhi atamsikiliza mjane, atamtambua kuwa ni mrithi na atamtajia fungu lake. Lakini Kadhi anahukumu baina ya warithi. Aliyejenga hoteli si mrithi, na mkataba wake haumo katika mambo ya Kadhi.

Mlango wa tatu basi ni wa Mahakama ya Ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya 1994. Huko ndiko kunakosikilizwa mgogoro wa kiwanja chenyewe. Ataambiwa alete kwanza uthibitisho wa urithi wake, nao uko mlango wa pili. Atarudi Mkokotoni. Mlango wa nne ni wa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, yenye sheria yake ya 2007, iwapo sehemu ya eneo iliwekwa wakfu na babu kwa ajili ya msikiti au madrasa, au kama mali ya marehemu inahitaji msimamizi.

Nauli ni yake, siku za kazi ni zake, na mwani wake unaharibika pwani wakati yeye amekaa kwenye benchi la mahakama. Upande wa pili, mwekezaji anakwenda ZIPA. Mamlaka hiyo imewekwa mahsusi iwe kituo kimoja ambapo ardhi, kodi, vibali vya kazi na leseni vinashughulikiwa chini ya paa moja. Si vibaya, tena ni mpango mzuri! Tunachouliza ni kwa nini mpango mzuri kama huu haukuwahi kufikiriwa kwa ajili ya mrithi. Mjane anapomaliza kupita mlango wa tatu, hoteli imekwishapakwa rangi. Atakayemwambia wakati ule kuwa haki yake haijapotea anamfanyia kejeli.

Si jambo la jana hili la kumkata Kadhi mikono. Kabla ya ukoloni makadhi wa Zanzibar walihukumu madai ya namna zote, ikiwemo ardhi na biashara. Waingereza walipoidhibiti nchi kuanzia 1890 walimpunguzia Kadhi madaraka hatua kwa hatua, na dikrii ya mahakama ya 1923 ikambakishia zaidi mambo ya nyumbani. Mkoloni aliondoka, lakini mpaka alioupiga baina ya mirathi na ardhi tumeuhifadhi kana kwamba ni urithi wa babu zetu. Dini yetu haikuyatenga mambo haya. Mirathi ya maskini ni nini kama si ardhi yake?

MIEZI MIWILI

Huenda mtu akasema Serikali yetu haipendi kuingilia mambo ya dini, ndiyo maana inakwenda polepole. Laiti ingekuwa hivyo! Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 19, imeweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Pamoja na hayo, ilitungwa Sheria ya Mufti, Namba 9 ya 2001, na haikungoja miaka 32. Sheria hiyo ilimpa Mufti, ambaye ni mteule wa Rais, uwezo wa kuridhia au kukataa shughuli za Kiislamu, kusimamia misikiti, na kuidhinisha mihadhara ya masheikh wageni na uingizaji wa vitabu vya dini kutoka nje. Waislamu wengi waliipinga wakati ule, nasi hatuoni sababu ya kunyamaza leo.

Angalieni basi jinsi ilivyo. Mwezi mwandamo una mamlaka ya kuutangaza, na mzozo wake unaweza kufikishwa mbele ya dola. Mwezi mpevu wa Kendwa umeachiwa mwenye hoteli. Sheikh kutoka Mombasa anayetaka kusomesha Fat-hul Qarib baina ya Magharibi na Isha anahitaji idhini. Mpiga muziki kutoka Ulaya huja na vyombo vyake, na bango lake limebandikwa mwezi mzima kabla hajafika.

Nchi inayojua kusimamia khutba inashindwaje kusimamia mauzo ya mali ya yatima?

TUWAJIBU WENYE HOJA

Wako watakaosema: utalii ndio riziki yetu. Kweli, hutajwa kuwa unaleta takriban asilimia 80 ya fedha za kigeni, na mwaka 2024 waliingia wageni zaidi ya 700,000. Vijana wetu wanafanya kazi humo, na wengine wanasoma jarida hili. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Tunakubali, kwa sharti kwamba mwenyeji apone kweli. Utalii hauhitaji mafungu 26 ya watu wasioridhia. Mwekezaji mwenye akili mwenyewe angependelea kununua kwa warithi wote, mbele ya Kadhi na mashahidi, kuliko kununua kesi.

Wako wengine, wa upande wetu, wanaosema: sheria ya Kadhi ya 2017 imeingiza mambo ya kizungu, kwa sababu imetaja madai ya mali za ndoa kwa aliyechangia. Hawa tunawaomba watulie. Sheria ya Ndoa ya Bara ya 1971 haitumiki Zanzibar, wala hukumu mashuhuri ya Mahakama ya Rufani ya 1983, iliyohesabu kazi za nyumbani kuwa ni mchango katika mali ya ndoa, haikuwa hukumu ya kadhi. Hayo tuyaweke mbali. Lakini mwanamke aliyepanda mwani kwa miaka 15, akatoa pesa zake mkononi kununua bati na saruji, kisha akaachwa kwa talaka tatu na kuambiwa atoke na sanduku lake, huyo hadai uzungu. Suratun Nisaa, aya ya 32, imempa mwanamke fungu la alichokichuma kama ilivyompa mwanamume. Anayemzuia chumo lake ndiye aliyeikhalifu Sharia, hata akiwa na ndevu za kufika kifuani.

Tena tumewaona baadhi ya wanaume ambao hupaza sauti kuwa Sharia iheshimiwe wakati wa talaka, na siku ya kugawa mirathi wanasema dada yetu ameolewa, ana mume wa kumtazama, ardhi ya pwani haimhusu. Sharia gani hiyo inayoingia mlango mmoja na kutolewa mlango mwingine? Yule dalali mwenye mkoba hakuvunja nyumba. Alifunguliwa mlango kutoka ndani.

MAHAKIMU WA MBALI

Wengine wamekata tamaa. Wanasema sheria ni ya wakubwa, hukumu ikishatoka imetoka. Tuwakumbushe kisa cha wakfu.

Mwaka 1894 mahakimu wa Baraza la Wafalme kule London waliamua kesi iliyotoka Bengal. Ndugu wawili Waislamu waliweka mali zao wakfu kwa vizazi vyao, na kizazi kikimalizika, ziwe za mafukara. Mahakimu wakasema huo si wakfu, kwa kuwa fungu la mafukara liko mbali mno, na kumpa mwanao si sadaka. Hawakujua, au hawakujali, kuwa katika Uislamu kuwatazama watu wako ni katika sadaka bora, na kwamba mafakihi wa madhehebu zetu wameukubali wakfu wa dhuria kwa karne nyingi. Hukumu ile ikavuka bahari. Mahakama za pwani ya Afrika Mashariki zikaifuata, na kesi ya familia moja ya Mombasa ikafika London na kuangushwa kwa hoja ile ile mwaka 1951. Watu wa pwani, wafuasi wa Imamu Shafi, wakahukumiwa dini yao kwa kipimo cha Bengal kilichokatwa London.

Je, iliishia hapo? Hapana. Waislamu wa Bara Hindi walikusanya fatwa, wakaandika, wakadai, hadi mwaka 1913, baada ya miaka 19, ikapitishwa sheria iliyouhalalisha wakfu wa dhuria. Kenya nayo ikatunga sheria yake ya wakfu mwaka 1951. Hawakuvunja kioo hata kimoja. Walikuwa na elimu, na walikuwa na subira.

Na kuna onyo la karibu zaidi. Mwezi Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kuwa watoto waliozaliwa nje ya ndoa ya baba Muislamu wanaweza kumrithi. Wanazuoni wa pwani ya Kenya walisikitika, kwa kuwa fiqhi ya mirathi imesema vingine, na haki ya mtoto huyo kutunzwa ina njia zake. Sisi Zanzibar, kwa kifungu cha 99 cha Katiba yetu ya 1984, mambo ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi huishia hapa hapa, wala hayaendi Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Hii ni neema. Na ndugu zetu wa Bara hawana hata hiyo: suala la Mahakama ya Kadhi liliingizwa katika ilani ya chama tawala mwaka 2005, na muswada uliofikishwa Bungeni mwaka 2015 ukawekwa kando. Neema isiyotumiwa huondolewa. Ikiwa sisi wenyewe hatuwapeleki wafu wetu kwa Kadhi, tunangoja nani atulindie Kadhi?

WITO WETU

Kwa wenye mamlaka tunasema yafuatayo, kwa adabu na bila ya kificho.

Kwanza, isisajiliwe wala kukodishwa ardhi yoyote ya marehemu mpaka iletwe karatasi ya Kadhi yenye majina ya warithi wote na ridhaa ya kila mmoja, akiwemo mke na binti. Karatasi moja tu, na nusu ya kesi za pwani zitakuwa hazina pa kuanzia.

Pili, Kadhi, ofisi ya ardhi na Kamisheni ya Wakfu wakutane mahali pamoja katika kila wilaya, angalau siku moja ya juma. Kilichowezekana kwa mwekezaji kinawezekana kwa yatima.

Tatu, Sheria ya Mufti irudishwe kwa Waislamu waijadili upya, na mimbari ziachiwe wenye elimu.

Na kwa jamaa zetu wa misikiti, kuanzia Kendwa, Nungwi na Kilindi hadi Makunduchi, tunasema: kila msikiti uchague watu watatu waaminifu, mmoja wao mwenye kujua mirathi, wawakumbushe wafiwa kugawa mali mara baada ya deni na wasia kutekelezwa. Mirathi iandikwe na nakala ihifadhiwe. Mwenye eneo la pwani na anayewaogopea watoto wake baada yake aliweke wakfu wa dhuria akiwa hai na mzima, kisha aufikishe wakfu huo kwenye Kamisheni na ofisi ya ardhi uandikwe. Wakfu hauuzwi wala haurithiwi. Dalali ataukuta, na ataondoka na mkoba wake. Na muswada unapotangazwa katika Baraza la Wawakilishi, mwakilishi wa jimbo aulizwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa: umeusoma, na utasema nini?

Hatumwiti mtu kwenye fujo. Tunawaita kwenye kalamu, kwenye daftari la mirathi na kwenye meza ya Kadhi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Kendwa ukuta umekwishajengwa, tena wa mawe, baina ya kijiji na bahari yake. Bado ziko pwani ambazo ufa wake ni mdogo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape viongozi wetu hofu ya kusimama mbele Yake, awape makadhi wetu elimu na ujasiri, amrudishie kila mjane na yatima haki yake, na atujaalie tuwe wa mwanzo kuitekeleza Sharia tunayoidai kwa wengine. Amin.

Wabillahi tawfiq.